Mtoto mkimya anapochoka: ni hulka yake au damu imepungua?

Mzazi mwenye watoto wawili au watatu analijua jambo hili. Watoto wamezaliwa nyumba moja, wanakula chungu kimoja, wanasoma shule moja. Saa kumi jioni wanarudi. Mmoja anatupa begi mlangoni, anagugumia maji na kukimbilia uwanjani. Giza likiingia utamtafuta kwa kumwita. Mwingine anaingia ndani, anajilaza kwenye mkeka, salamu anaitikia kwa shida, na ukimtuma dukani ananuna. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu mvivu. Huyu ana kiburi. Huyu karithi kwa shangazi yake.

Inawezekana mtoto huyo ni mzima kabisa, ila ameumbwa hivyo: kelele za darasa la watoto themanini zimemmaliza, na anachotaka ni nusu saa ya kuachwa. Inawezekana pia damu yake imepungua, au ana kichocho alichokipata ziwani, na hata ukimwacha mwezi mzima kwenye mkeka hatachangamka. Ukimtazama kwa mbali watoto hawa wawili wanafanana. Kumwita mgonjwa mtoto aliye mzima ni kosa dogo, utapoteza nauli ya kwenda zahanati. Kumwita mvivu mtoto aliye mgonjwa ni kosa kubwa.

Makala ya wiki hii inahusu namna ya kuijua hulka yako na ya mtoto wako, na namna ya kuzigawa nguvu za siku kwa kuifuata. Lakini inahusu pia mahali ambapo hulka inakomea na ugonjwa unapoanzia, kwa sababu kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, Musoma, Bunda au Butiama, mpaka huo unavukwa kwa urahisi sana.

Hulka si sanduku

Habari ya kugawa watu kwa tabia ni ya zamani. Wagiriki wa kale walidhani mwili una maji ya aina nne na kwamba yanayozidi ndiyo yanayomfanya mtu awe mkali, mpole, mchangamfu au mwenye huzuni. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kilichogawa watu kwa kuangalia nia zao zinaelekea wapi: kuna wanaoelekea nje, kwa watu na mambo, na kuna wanaoelekea ndani, kwenye mawazo yao. Baadaye Wamarekani wawili, mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Myers, ambao hawakuwa wanasaikolojia kwa masomo, walitengeneza maswali yanayomwingiza kila mtu katika moja ya makundi 16. Maswali hayo na ndugu zake sasa yamejaa kwenye simu. Unajibu kwa dakika kumi, unaambiwa wewe ni mtu wa aina fulani, unawatumia marafiki.

Kwa kujifurahisha hayana ubaya. Lakini nisingemshauri mtu achague mchumba au kazi kwa majibu hayo. Watu wengi wakiyajibu tena baada ya wiki chache hujikuta wamehamia kundi jingine, na mtu hahami hulka kwa wiki chache. Tatizo ni lile la kutaka kuwatia watu kwenye masanduku. Hulka iko kama urefu. Ukisimama stendi ya Bunda ukajaribu kuwagawa abiria mafungu mawili, warefu na wafupi, utakwama asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu wengi wako katikati.

Watafiti wa leo hupima mambo matano, na kila mtu ana kiasi chake cha kila moja: uchangamfu na watu, wasiwasi, umakini wa kazi na ratiba, upole kwa wengine, na hamu ya mambo mapya. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti hizi kati ya watu hutokana na kurithi. Kwa hiyo aliyemtaja shangazi hakukosea sana. Kilichokosewa ni kulitumia jambo hilo kama tusi.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Ukimya na haya ni vitu viwili. Mkimya anaweza kukaa na watu bila shida, ila akitosheka anatosheka. Mwenye haya anawataka watu lakini anawaogopa. Mtoto anayetosheka na rafiki mmoja hana tatizo. Mtoto anayeshindwa kuitika jina lake darasani, anayezuia haja mpaka arudi nyumbani kwa kuogopa kuomba ruhusa, anayekataa kula mbele ya wenzake, huyo ana hofu inayomtesa na anahitaji msaada wa mtaalamu. Kumwambia ajikaze hakutoshi.

Nguvu zinakwenda wapi

Mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyefanya kazi zake London, alipendekeza kwamba ubongo wa mtu mkimya uko macho zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo kelele na pilikapilika humjaza upesi. Ubongo wa mchangamfu unahitaji kuamshwa, ndiyo maana anatafuta watu, muziki na mazungumzo. Wazo hilo limejadiliwa sana na si kila kipimo kimelithibitisha, lakini linaeleza kitu ambacho wengi wetu tunakifahamu mwilini.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Finland, uliotolewa mwaka 2017. Wanafunzi 48 wa chuo kikuu waliulizwa hali zao mara kadhaa kwa siku, kwa siku 12. Ilionekana kwamba mtu akiwa mchangamfu, akiongea na kujumuika, moyo wake unafurahi papo hapo. Baada ya kama saa tatu, uchovu unaingia. Na hilo liliwapata wote, wakimya na wachangamfu sawasawa. Hali ikawa hivyo pia kwa mtu anapojibana kufanya kazi kwa bidii na kwa mpangilio: anafurahi sasa, anachoka baadaye.

Lina maana kubwa hilo. Kujumuika si sumu kwa mkimya, naye hufurahi. Na mchangamfu hana nguvu zisizokwisha. Naye hulipa, ila bili inakuja baadaye na mara nyingi haijui ni ya nini. Mtu aliyeshinda harusini Jumamosi, akaimba kwaya Jumapili asubuhi na kuingia kwenye kikao cha vikoba mchana, Jumatatu anasema amerogwa.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki mwaloni Mwigobero, Musoma. Tuseme kwa hulka ni mkimya. Kuanzia alfajiri anapigana bei na wavuvi, anaita wateja, anawatuliza wadai. Kazi anaiweza, na watu wanamwona mchangamfu kuliko wote. Akifika nyumbani saa kumi, watoto wanne wanamrukia kila mmoja na lake, na jirani anakuja kupiga soga. Anafoka. Usiku anajilaumu kwamba ni mama mbaya. Mama huyu hana ubaya wowote. Amekwisha nguvu za watu, ingawa za mikono bado anazo. Ndiyo maana utamwona akifoka huku anaosha vyombo kwa kasi. Dawa yake ni ndogo kuliko anavyodhani: dakika ishirini kati ya soko na nyumba. Atembee kwa miguu badala ya kupanda bodaboda kama si mbali, au akae mahali peke yake kabla hajafika mlangoni, au awazoeshe watoto kwamba mama akirudi anaoga kwanza ndipo anaulizwa. Dakika ishirini hazitaumiza familia yoyote. Kufoka kila siku kutaumiza.

Sasa mgeuze. Mzee amestaafu utumishi, amerudi kijijini Butiama, amejenga. Maisha yake yote alikuwa ofisini katikati ya watu, akigonga mihuri na kusuluhisha magomvi. Sasa anaamka, anakunywa uji, mke amekwenda shamba, wajukuu wako shule. Saa nne anasinzia. Saa nane anasinzia tena. Watoto wake walioko mjini wanapiga simu wanaambiwa baba kachoka, wanatuma hela ya vitamini. Baada ya kupimwa sukari na presha na kukutwa salama, mzee wa aina hii vitamini hazimsaidii. Alikuwa akipata nguvu kwa watu, na watu wameondoka. Mpeni kazi ya kamati ya shule, ya kusimamia mradi wa maji, ya kukaa dukani japo nusu siku. Na bao litafutiwe mahali penye wenzake.

Nikitaja Butiama siwezi kumpita mwenyeji wake mkubwa. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya watu tupu: mikutano, hotuba, wageni, safari. Lakini tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1963, wakati urais wake haujatimiza hata miaka miwili, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Kazi ya namna hiyo huifanyi jukwaani. Unakaa peke yako na kalamu. Alicheza bao, na alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi nyumbani kulima. Sitampima Mwalimu hulka yake, si kazi ya safu hii. Nasema tu kwamba hata mtu mwenye ratiba ya rais alipata muda wa kazi ya kimya, na wengi tunaosema hatuna muda tuna ratiba nyepesi kuliko yake.

Msibani unafanya nini?

Hapa kwetu mtu mkimya hahukumiwi kama mkimya. Anahukumiwa kama mwenye dharau. Asipokaa barazani, asipoongea kwenye harusi, asiposhinda msibani, anaandikwa moyoni na watu. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya ugenini, kwamba kataa mialiko na ujifungie, hapa haufai. Ukimaliza kukataa, siku yako ikifika utazikwa na watu kumi.

Njia ninayoiona inafaa ni kuchagua kazi. Msiba wowote wa Bunda au Musoma una kazi zinazotaka maneno mengi na kazi zisizoyataka. Kuna kupokea wageni na kuzungumza nao, na kuna kuchota maji, kumenya ndizi, kupasua kuni, kushika daftari la rambirambi. Mkimya achukue daftari. Ataonekana siku nzima, atasalimia kila aliyefika, jina lake litatajwa kwa wema, na hatalazimika kupiga soga saa kumi mfululizo. Mchangamfu akae kwenye mabenchi na wageni. Huko ndiko anakofaa. Tatizo huwa tunapobadilishana.

Wiki moja ya daftari

Njia ya kujijua haihitaji maswali ya kwenye simu. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa siku saba, mara tatu kwa siku, andika mambo matatu: nilikuwa nafanya nini, nilikuwa na nani, na nguvu zangu sasa ni ngapi kati ya 1 na 5. Saa tatu asubuhi, saa tisa mchana, saa mbili usiku inatosha. Andika pia ulilala saa ngapi, na kama ulikula.

Usisome mpaka siku ya nane. Ukisoma, tafuta namba 1 na 2, kisha angalia kilichotokea saa tatu au nne kabla yake. Hapo ndipo watu hushangaa. Wengi hudhani kazi ndiyo inayowamaliza, wakakuta ni safari ya daladala iliyojaa, au simu za kundi la WhatsApp la ukoo, au ni siku zile wasipokunywa chai. Wengine hukuta kitu kimoja tu, mtu mmoja, ambaye kila wakitoka kuonana naye namba inashuka. Tafuta pia namba 4 na 5. Hizo ndizo zitakazokuambia wewe ni mtu wa aina gani, kwa uhakika kuliko kundi lolote kati ya yale 16.

Ukishajua, panga. Kazi nzito zaidi iwekwe saa zako nzuri. Mambo mawili yanayokumaliza yasiwekwe siku moja. Baada ya jambo linalokumaliza acha nafasi, na kama ni jambo lisiloepukika, kama mwalimu mkimya wa Bunda mwenye vipindi sita, basi mapumziko ya saa nne yasitumike kwenye ubishi wa mpira ofisini. Nusu yake akae chini ya mti. Atabishana Jumamosi.

Kuna hulka moja ambayo daftari huibaini na ambayo, kwa maoni yangu, inamaliza nguvu kuliko ukimya na uchangamfu. Ni wasiwasi. Wenye hulka ya wasiwasi mwingi ndio wanaolalamika uchovu zaidi, na tafiti nyingi zinalionyesha hilo. Mtu huyu amelala saa nane lakini kichwa kimefanya kazi saa sita kati ya hizo: ada, mvua, mtoto aliyeko bwenini, neno alilosema bosi. Kumwambia asiwaze ni kumwongezea jambo la kuwaza. Kinachosaidia ni kumpa wasiwasi saa yake, mapema, kama saa kumi na mbili jioni. Aandike yote yanayomsumbua, na mbele ya kila moja aandike hatua moja atakayochukua kesho, au aandike kwamba hana la kufanya. Usiku yakirudi, yamekwisha andikwa. Watu wengi wa hulka hii pia hunywa chai ya rangi au kahawa jioni. Nusu ya kichangamshi kilichomo bado kiko mwilini baada ya kama saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa moja usiku kinamsindikiza mpaka usiku wa manane.

Giza, mbalamwezi na saa ya mwili

Miili haifanani pia katika saa zake. Wapo wa alfajiri na wapo wa usiku, na hilo nalo sehemu yake ni la kuzaliwa. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hufuata mwezi: kipindi cha giza wanatoka na taa zao usiku kucha, mbalamwezi ikikolea wanapumzika kwa sababu dagaa hawavutwi na taa. Kazi hii ina mapumziko yake ya asili kila mwezi, jambo ambalo dereva wa lori au mlinzi hana. Lakini mvuvi ambaye kwa hulka ni mtu wa alfajiri huteseka kipindi cha giza, na huteseka zaidi akirudi kulala kwenye chumba chenye mwanga na watoto wanaolia. Pazia zito, chakula kidogo kabla ya kulala, na nyumba kuzoeshwa kwamba asubuhi hiyo ni usiku wa baba, ni vitu vya bei ndogo. Na kwa kuwa usiku wake uko nje, kwenye mbu, homa na uchovu wake vipimwe malaria kwanza.

Vijana wa sekondari nao saa ya mwili husogea mbele. Kijana wa miaka 15 anayekosa usingizi mapema na kushindwa kuamka si lazima awe mkorofi. Anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Wadogo wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12. Piga hesabu ya nyumbani kwako: mtoto wa darasa la nne anayetazama tamthilia mpaka saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amelala saa sita. Huyo usimtafutie hulka wala ugonjwa. Zima televisheni, mpe wiki mbili, kisha mtazame upya.

Pale hulka inapokomea

Sasa tumrudie mtoto wa kwenye mkeka. Uchovu wa hulka una mwanzo na mwisho unaoeleweka. Unakuja baada ya watu, kelele au kazi, na unaondoka akipumzika. Mtoto amekuwa hivyo tangu mdogo. Na akipewa kitu anachokipenda anaamka: mkimya anayependa kuchora atachora hata akiwa amechoka. Uchovu wa ugonjwa huanza wakati fulani, hata kama hukuuona ulipoanza. Hauondoki kwa usingizi. Na unagusa hata anachokipenda. Mtoto mkimya akiacha kuchora, mtoto mchangamfu akianza kukaa pembeni ya uwanja akitazama wenzake, hayo si mambo ya hulka tena.

La kwanza kutafuta ni upungufu wa damu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Ni zaidi ya nusu ya watoto hao, na karibu nusu ya mama zao. Fikiria ni watoto wangapi walioitwa wavivu, na ni mama wangapi walioambiwa wana gubu. Vuta kope ya chini uangalie ndani, angalia ulimi na viganja kama vimepauka. Sikiliza kama anahema akipanda kilima kidogo, kama anasema moyo unamdunda. Mtoto au mjamzito anayetamani kula udongo asichekwe. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Hata hivyo macho hudanganya, na kipimo cha wingi wa damu ni cha dakika chache. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya 11.5 ni upungufu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12.

La pili, kwetu sisi wa ziwani, ni kichocho cha tumbo. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi wakati mtu anaoga, anafua, anachota maji au anavuta nyavu ufukweni. Hakiui haraka. Kinakaa mwilini miaka, kinakula damu polepole, kinachosha, kinaleta maumivu ya tumbo na wakati mwingine damu kwenye choo, na mwishowe kinaharibu ini. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, na watoto wa shule hupewa kwenye kampeni. Mtoto asiyesoma, au aliyekosa shule siku ile, hakupata. Na aliyepata akirudi kuogelea ufuko uleule anaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo kumeza mwaka juzi si kinga ya leo.

Tatu ni selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina wengi. Mtoto mwenye macho ya njano, anayelia maumivu ya mifupa mara kwa mara, aliyevimba mikono na miguu alipokuwa mchanga, apimwe hata kama amewahi kuambiwa ni malaria mara kumi. Huyu asianzishiwe vidonge vya chuma kwa kununua dukani. Daktari aamue kama kweli anavihitaji.

Kwa watu wazima ongeza kisukari, hasa ukiona kiu, mkojo mwingi na kupungua uzito, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, ujauzito ambao hujaujua, na tezi ya shingoni. Na ongeza sonona. Mtu aliyekuwa mchangamfu akikosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukaharibika, chakula hakipiti, akaona maisha hayana maana, usiseme amekuwa mkimya. Anaumwa, anatibika, na akitamka habari ya kufa asiachwe peke yake; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Vipimo vya damu na malaria vinapatikana hapo mara nyingi. Choo na selimundu wakishindwa watakuandikia rufaa, hata mpaka Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma. Nenda na lile daftari la wiki moja, ama la kwako ama uliloliandika kwa niaba ya mtoto. Usiseme tu kwamba amechoka, kwa sababu mganga husikia neno hilo mara hamsini kwa siku. Mwambie uchovu ulianza lini, unakuja saa ngapi, mtoto ameacha kufanya nini alichokuwa anakipenda, anaogea wapi, na mara ya mwisho alimeza lini dawa za minyoo na kichocho.

Akipewa dawa ya kuongeza damu, usishtuke choo kikiwa cheusi. Asiimeze pamoja na chai wala maziwa. Chungwa au maji ya limao husaidia, na dagaa, nyama, maharage na mboga za majani ziendelee sahani kwa sahani, chai isubiri saa moja baada ya chakula. Dawa haiachwi siku mtoto anapoanza kukimbia, huendelea kwa kawaida kama miezi mitatu ili akiba irudi. Na kabla hujatoka chumba cha daktari uliza damu yake ni ngapi, kisha iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu baada ya wiki nne atapimwa tena na namba ya kwanza ndiyo itakayoonyesha kama dawa inafanya kazi.